Fuawe la Mwinjuma wa Kawe

Chausiku binti Mwinjuma alikuwa kitandani Temeke tangu mwezi wa Rajabu, na uvimbe wa tumboni ulikuwa umemla mwili wote ukamwachia macho. Hakuomba dawa. Aliomba jambo moja tu: azikwe Kawe, ubavuni mwa baba yake. Mama yake alimtoa Kawe akiwa na miaka saba, mwaka ule Waingereza walipouteka mji, na hakuwahi kurudi. Aliyoyakumbuka yalikuwa machache: harufu ya makaa, mlio wa chuma chekundu kikitumbukizwa majini, na kwamba baba yake alikuwa mfupi hata watu wakisema nyundo imemzidi kimo.

Mwanawe Marijani alikuwa karani katika ofisi ya upimaji ramani, mtu wa kupima kwanza ndipo aseme. Mwaka huo wa 1953 alikuwa na miaka ishirini na saba, na kazini alikuwa ameshajifunza kwamba mtu anayesema mpaka wa shamba lake unapita hapa, mara nyingi husema anavyotaka, si anavyojua. Kwa hiyo alinunua daftari na kujiwekea sharti. Hataandika neno lolote kuwa la kweli mpaka alisikie kwa watu watatu ambao hawakukaa pamoja kulisema.

Jumapili sita mfululizo alikwenda Kawe kwa baiskeli. Aliyoyapata aliyaandika kwa wino. Babu yake Mwinjuma alikuwa mhunzi, alikuja kutoka bara ya Maneromango akiwa na mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto na fuawe la jiwe jeusi alilofulia chuma, jiwe ambalo mfano wake haupo pwani yote. Alifua majembe, mundu na visu vya kugemea tembo, na kila chombo alikitia alama tatu shingoni. Bibi mmoja alimletea jembe la Mwinjuma lililolika mpaka likabaki ukubwa wa kiganja. Bado alichimbia mihogo. Alitaka kujua kama serikali inalinunua.

Mengine yalikuwa madogo, lakini nayo aliyaandika. Mwinjuma aligombana na mchoma makaa aliyeitwa Kondo, jitu refu lililoinama likiingia kila mlango, kwa sababu Kondo alimnyima makaa mwaka wa njaa. Kondo alikufa kwanza, Mwinjuma akafuata baada ya mwezi, wote kwa homa moja. Wote wawili wamezikwa katika kiunga cha makaburi nyuma ya msikiti wa zamani.

Watu wa namna moja tu ndio Marijani hakuwauliza, na hakuwauliza kwa makusudi: watani. Wazaramo, watu wa Marijani, na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kutukana, kupokonya, hata kujilaza ndani ya kaburi mpaka apewe chake, na ndugu wa marehemu wamekatazwa kukasirika. Anachokichukua hukombolewa. Anachokisema hakihesabiwi. Kwa Marijani, mtu mwenye ruhusa ya kusema uongo hakuwa shahidi.

Swali la kaburi lilijibiwa upesi kuliko yote. Bibi mwenye jembe alimpeleka penye jiwe jeusi, lile fuawe, limesimikwa kichwani mwa kaburi na kuzama nusu yake ardhini, uso wake umebonyea kwa nyundo. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimpeleka hapohapo siku nyingine. Mchoma chokaa, aliyekuwa hasemi na mwalimu kwa miaka kumi, akampeleka hapohapo. Marijani akapima hatua kutoka ukuta wa msikiti, akachora, akapiga mstari chini ya neno "Kaburi".

Jioni ile alimwambia mama yake.

"Jiwe lipo?" Chausiku aliuliza.

"Lipo, mama. Nimelishika."

"Basi."

Tangu hapo hakuugua kwa sauti. Alikufa Alhamisi baada ya alasiri, na dada yake Marijani, Tabu, aliyemwosha, alisema hajaona maiti yenye uso uliotulia namna ile. Ijumaa wakamkodia lori hadi Kawe. Wachimbaji walinung'unika kidogo, kwani kaburi la jirani lilikuwa refu kupita kawaida na jiwe lake la miguuni liliwabana. Wakasogea, wakachimba, Chausiku akalazwa.

Siku ya tatu ya matanga, wanawake wakiwa ndani na wanaume wamekaa mikekani uani, akaingia mzee Mnyamwezi kutoka Keko, ameegemea fimbo. Jina lake Kasanda. Alikuwa mpagazi wa zamani, na katika msiba wa Mzaramo hakuhitaji kualikwa.

"Wazaramo nyie," alisema kabla hajakaa, "mnakufa kimyakimya ili mtani asile?"

Watu wakacheka. Akamvua kofia mjomba mmoja akaivaa yeye, akachota wali kwenye sinia la imamu kwa mkono wake. Marijani akamwamkia shikamoo.

"Shikamoo haishibishi. We ndiye mjukuu wa Mwinjuma? Umerefuka bure, babu yako alikuwa anapita chini ya meza. Mama mmemweka wapi?"

"Kawe, mzee. Ubavuni mwa baba yake."

"Nani alikuonyesha?"

"Fuawe lipo kichwani."

Kasanda alicheka mpaka akakohoa, na wenzake mikekani wakacheka kwa kumwona yeye anavyocheka. Alipopata pumzi akasema, "Basi mmemlaza na Kondo."

Akaeleza, akipiga paja kila anapofika penye utamu. Arobaini ya Mwinjuma, mwaka wa njaa, yeye kama mtani alidai jogoo. Wafiwa hawakuwa na jogoo, hawakuwa hata na unga. Akawaambia vema, nachukua dhamana. Akaling'oa fuawe kaburini, akalibeba begani, akaenda kulisimika kichwani kwa Kondo, ili yule mchoyo wa makaa alale na jiwe la mtu aliyemnyima. Kijiji kizima kilicheka, watu ambao hawakuwa wamecheka tangu vita ianze. Jogoo akipatikana, jiwe litarudi. Baada ya siku chache mjane alimchukua binti yake akaenda zake Temeke.

Uani watu waliendelea kucheka. Mjomba akasema watani wa siku hizi wamezidi, hata maiti wanazihamisha. Hakuna aliyeamini, kwa sababu hakuna anayepaswa kuamini. Marijani peke yake hakucheka. Alikuwa ameandika kwamba babu yake ni mfupi, ameandika kwamba Kondo ni jitu refu, na Ijumaa ameliona kwa macho yake kaburi la fuawe, refu kupita kawaida. Mambo matatu yalikuwa kichwani mwake, na hakuyaweka pamoja. Mashahidi wake watatu nao hawakuwa watatu. Mwenye jembe alikuja Kawe kuolewa baada ya vita, wale wengine walikuwa watoto wachanga mwaka ule. Hakuna kati yao aliyeyaona yale mazishi. Waliliona jiwe. Shahidi alikuwa mmoja, naye ni jiwe, na jiwe lilibebwa.

Asubuhi yake alimpakia Kasanda nyuma ya baiskeli wakaenda Kawe. Njia nzima mzee alikuwa na maneno: kuhusu baiskeli, kuhusu mgongo wa Marijani, kuhusu Wazaramo kutojua kupanda mlima. Walipofika nyuma ya msikiti akashuka, akaangaza huku na huku.

Wakati wa vita ya pili miti ya pale ilikatwa kwa kuchomea chokaa. Mawe mengi madogo ya makaburini yalikuwa matumbawe, nayo yalikwenda tanuruni pamoja na kuni. Kasanda alisema palikuwa na mkwaju, akatembea kuelekea mahali ulipokuwa mkwaju, akasimama, akarudi. Alionyesha kwa fimbo upande wa kibla. Akaonyesha karibu na ukuta. Mara ya tatu aliinua fimbo, akaishusha bila kuonyesha popote.

"Hapa hapajulikani," alisema.

"Wewe ulikuwepo, mzee. Waliocheka nawe wamekufa au wamehama, umebaki wewe peke yako."

"Nilikuwepo. Niling'oa jiwe palipokuwa na mti. Mti haupo."

"Miaka thelathini na saba. Keko na Temeke ni jirani. Ungemtuma mtu."

Kasanda alikaa chini juu ya majani. "Mtani harudishi mwenyewe," alisema. "Wanakuja kukomboa. Ndivyo ilivyo. Nikasema watakuja, huyu mtoto atakua, ataleta jogoo, tutacheka. Kila mwaka nikasema hivyo. Kisha nikaona aibu, jogoo mmoja tu." Akamtazama Marijani. "Nitukane. Una haki. Mtani wako nimekukosea, nitukane."

Marijani alitafuta tusi. Alikuwa akiyajua mengi, ya ofisini na ya mtaani, na yote aliyaona mepesi. Kukasirika hakuruhusiwa.

Kufukua hakuwezekani, sheria ya dini ilijulikana kwake kama kwa mtu mwingine yeyote. Ila jiwe aliweza kuling'oa. Alilishika kwa mikono miwili, likacheza udongoni kama jino bovu. Akiling'oa, hana mahali pa kulipeleka, na Tabu akija kuzuru hatajua mama yake yuko wapi. Akiliacha, siku ya arobaini ndugu wote watasimama hapa wamwombee Mwinjuma juu ya mifupa ya Kondo, na mama yake ubavuni, aliyeomba jambo moja.

Akaliacha. Kwa kiatu akaushindilia udongo kulizunguka mpaka jiwe likawa imara kuliko alivyolikuta.

Wakapanda baiskeli wakarudi. Alimteremsha mzee Keko, akafika nyumbani adhuhuri. Tabu alikuwa mlangoni akichambua mchele, akamwuliza kama kaburi la mama limedidimia kwa mvua ya juzi.

Marijani akasema halijadidimia.