Bukta Mbili Nyekundu za Burrandool

Uliangalia pembeni. Usianze kujitetea, nakujua. Ulikuwa umeshika soseji yako ndani ya mkate, mafuta ya kitunguu yakikuchuruzika kidoleni, na Darcy Tighe alipoanguka asiinuke, ghafla ukakumbuka kwamba hukutia haradali, ukaenda kuitafuta. Labda hukuwa Burrandool. Labda ulikuwa uwanja wa mji wako, na aliyeanguka alikuwa na jina jingine. Ni yale yale. Una kadi ya klabu mfukoni na macho mawili kichwani, na macho hayo uliyapeleka kwingine. Basi kaa hapo, usikie ulichokataa kukiona.

Aliyekuwa akifua jezi za klabu ya raga ya Burrandool, mji mdogo wa bara Australia, ni Raylene Tighe, mwanamke wa miaka arobaini na sita. Miaka kumi na tisa alifua, akaanika, akafunga bandeji vifundo vya wanaume waliomwita "Shangazi" Jumamosi wakiumia na kumpita dukani Jumatatu kama mlingoti. Hakuna aliyemwajiri. Siku moja alikuja kumchukua mdogo wake, akakuta jezi zimetupwa zina tope, akaziokota. Tangu hapo zikawa zake.

Mdogo wake huyo ndiye Darcy. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mguu wa kulia aliuburuta, mkono wa kulia ulijikunja kifuani, na shingoni alikuwa na vyuma alivyowekewa na madaktari akiwa mtoto. Ana miaka thelathini na mitatu, na zaidi ya nusu ya hiyo ameimaliza akiwakimbilia wachezaji na chupa za maji, mvua na jua. Maneno yake yalitoka polepole, lakini ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wa wengi wenu.

"Dada," alimwambia Raylene kila walipopita ukumbini, "nafasi yangu ile pale. Usiwaache waijaze."

Alikuwa anaonyesha ubao. Ukumbini, juu ya kaunta ya bia, kuna ubao mrefu mweusi. Yeyote aliyeingia uwanja mkuu na jezi ya bluu, akacheza mechi kati ya filimbi mbili, jina lake linaandikwa pale kwa rangi ya dhahabu. Dakika moja inatosha, ndivyo katiba ya klabu inavyosema. Pale kuna mwizi wa ng'ombe, kuna mtu aliyemvunja mkewe taya, na wote wanang'aa. Kwenye mwaka 1958 kuna C. Tighe, babu yao. Mzee Cec alifunga trai, yaani bao la raga, lililoleta kombe, kisha bia yake ya ushindi akapewa kupitia dirisha la jikoni, kwa sababu Mwaborijini, mwenyeji wa asili wa nchi hii, hakuruhusiwa kukanyaga ukumbini. Jina lilipita mlangoni, mwenye jina akabaki nje. Dirisha lile bado lipo. Wamelipaka rangi tu.

Darcy alitaka kitu kimoja hapa duniani: jina lake chini ya jina la babu yake. Si zaidi ya hapo.

Mwaka huu bahati ikaonekana kumkumbuka. Kule Sydney kuna timu za walemavu wanaocheza raga hii hii yetu, na timu moja ikakubali kuja Burrandool mwezi wa nane kwa siku ambayo klabu iliipa jina la Siku ya Wote. Kamati ikakusanya timu ya walemavu wa hapa, Darcy akiwemo, ikaweka mechi hiyo kwenye ratiba, uwanja mkuu, jezi za bluu. Wiki mbili kabla, likaja boksi kutoka Sydney, na kwa kuwa nguo zote hupita mikononi mwa Raylene, yeye ndiye aliyelifungua. Ndani mlikuwa na barua ya kanuni na bukta mbili nyekundu. Kanuni ilikuwa fupi. Wachezaji wengi wanakabwa na kuangushwa kama kawaida. Lakini ambaye mwili wake hauhimili kuangushwa anavaa bukta nyekundu, na huyo hakumbwi, anaguswa tu kwa mikono miwili na mchezo unasimama.

Raylene akazipeleka kwa mwenyekiti, Lindsay Crowther, mtu mnene mwenye cheko la karibu, ambaye baba yake na babu yake waliikalia kamati ile kabla yake.

Lindsay alizinyanyua kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya. "Raylene, mama, unataka kuniua? Nyekundu? Hii ni rangi ya Corrabin!"

Inabidi uwe wa huku kuelewa. Corrabin ni mji wa jirani, na tumewachukia kwa miaka tisini. Huku watu hawapandi waridi jekundu mbele ya nyumba. Mtu alinunua gari jekundu akalipaka upya kabla ya kuliegesha klabuni. Hakuna mchezaji wa nyumbani aliyewahi kuvaa nyekundu kwenye uwanja wa Burrandool.

"Lakini barua inasema..."

"Barua imeandikwa na watu wa Sydney. Darcy hapa nani asiyemjua? Hata mbwa wa mji wanamjua. Watavaa bluu wote, picha itapendeza."

Na Raylene akacheka. Hilo sitalifuta. Alicheka kwa sababu na yeye alikuwa wa Burrandool, na sweta jekundu aliloletewa na mkwewe aliwahi kulichoma kwenye pipa la takataka. Lindsay akazisukumia bukta zile kwenye droo ya chumba cha vifaa, na Raylene akarudi kupiga pasi.

Siku yenyewe jua lilikuwa la baridi, nyasi zimekauka rangi ya mchanga. Raylene alipiga magoti kumfunga Darcy kamba za njumu.

"Usinifunge hivyo, mimi si kifurushi cha posta," Darcy alisema.

"Tulia. Unatetemeka kama mbwa aliyeogeshwa."

"Dada, umeona wale? Yule mmoja ana mkono mmoja tu na ni mkubwa kama friji."

"Kaa naye mbali."

"Nikae naye mbali? Nitampita." Akacheka mpaka mate yakamtoka, akayafuta kwa bega la jezi ambayo Raylene alikuwa ameifua jana yake.

Yule mkubwa kama friji aliitwa Sione Taukolo, fundi wa kuchomelea vyuma, Mtonga wa visiwa vya Pasifiki aliyepoteza mkono kiwandani. Kabla ya mechi alimfuata refa, Gavo Pruitt, ambaye ni wa hapa hapa na anauza matairi. "Kaka, wa bukta nyekundu kwenu ni nani na nani?"

Gavo akamtazama Lindsay pale kwenye mstari. Lindsay akapunga mkono. "Wote bluu leo. Chezeni tu."

Sione akawageukia wenzake, akawaambia hakuna nyekundu. Unajua alichoelewa. Mtu yeyote mwenye akili angeelewa hivyo.

Dakika ya sita mpira ukadunda ovyo, ukamwangukia Darcy kifuani, mkono ule uliojikunja ukaufumbata kama vile uliumbwa kwa kazi hiyo. Akaanza kukimbia. Mguu unaburuta, kichwa kimeinama upande, mdomo wazi. Hatua kumi na moja, Raylene alizihesabu. Watu mia mbili wakapiga kelele jina lake, na sura ya Darcy ilikuwa na kitu ambacho dada yake hakuwahi kukiona kwa miaka thelathini na mitatu. Wenyeji wote waliokuwa uwanjani walijua hakumbwi. Sione alitoka kushoto, akaangalia bukta, akaona bluu, akamkumba kwa haki, bega kwenye mbavu, kama anavyomkumba mwanamume yeyote.

Mlio wa shingo ile Raylene aliusikia kutoka mstarini.

Sione ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele. Alipiga magoti, mkono wake mmoja ukikishikilia kichwa cha Darcy kisisogee, akirudia, "Ilikuwa bluu. Jamani, ilikuwa bluu." Ndege ya madaktari ilitua pale pale kwenye uwanja mkuu. Ilipoondoka, mpishi wa soseji akawasha moto tena.

Darcy hakufa. Ungependa niseme alikufa, maana wafu wana siku moja ya kilio kisha mnarudi kwenye mambo yenu. Yupo hospitali ya mbali, mwendo wa saa tano kwa gari, na kutoka shingoni kwenda chini hakuna kinachosikia amri yake. Raylene huenda kila Alhamisi. Mara ya kwanza walipomtoa mpira wa kupumulia, mdomo wake ulichezacheza muda mrefu ndipo neno likaja.

"Wameandika?"

Raylene alijua anauliza nini. "Ndiyo," akasema. "Chini ya babu. Rangi haijakauka vizuri."

Wiki iliyofuata: "Imekauka?"

"Inakaribia. Baridi hii."

"Rangi gani hiyo isiyokauka," Darcy akanong'ona, "au mnaandika kwa uji?"

Haikuandikwa. Kamati ilikutana, ikatoa karatasi mbili. Ya kwanza ilisema mechi ile ilikuwa onyesho, si mechi, kwa hiyo haiingii ubaoni. Ya pili ilisema mchezo wa walemavu umesitishwa Burrandool kwa ajili ya usalama wao wenyewe. Kuhusu bukta hapakuwa na neno. Raylene alikwenda chumba cha vifaa, akavuta droo. Zilikuwepo, zimekunjwa, karatasi ya dukani bado imening'inia kiunoni.

Jumapili saa tano asubuhi ukafika mkutano mkuu wa mwaka. Wanachama arobaini, chai, keki ya nazi. Raylene alikaa mbele. Zamu yake ilipofika alisimama na bukta zile mkononi, akazitundika kwenye msumari ulio kwenye kona ya ubao, chini ya mwaka 1958.

"Raylene," Lindsay alisema kwa upole, "ondoa nyekundu hiyo humu ndani."

"Nina hoja."

"Tunajua una uchungu, mama."

"Sikusema nina uchungu, nimesema nina hoja. Darcy Tighe aandikwe kwenye ubao huu wiki hii. Na timu yao irudi msimu ujao, na wa bukta nyekundu avae nyekundu." Akamgeukia mwenyekiti. "Mimi nilicheka, Lindsay. Ulipozitia kwenye droo mimi nilicheka. Niandikeni na mimi hilo. Lakini yeye alicheza. Ilikuwa kwenye ratiba, na filimbi ililia mara mbili, ya kuanza na ya kusimamisha mechi wakati amelala pale. Gavo, wewe ndiye uliyezipiga."

Gavo aliongeza sukari kwenye chai yake.

Katiba inasema hoja lazima iungwe mkono na mwanachama mmoja. Mmoja tu. Asipopatikana baada ya kuitwa mara tatu, hoja inakufa, na haiwezi kurudi mpaka miaka mitatu ipite. Madaktari hawajampa Darcy miaka mitatu.

"Nani anaunga mkono?" Lindsay aliuliza, akiwa tayari ameangalia ukurasa unaofuata.

Mlangoni mkono ukainuka. Sione alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Sydney, suti imembana mabegani, mkono wake mmoja juu kabisa.

"Samahani, kaka. Wewe si mwanachama."

Sione hakuushusha.

"Mara ya kwanza," Lindsay akasema.

Kijiko kililia kwenye kikombe. Mkono wa Gavo ulianza kupanda, ukafika usawa wa bega. Gavo akajikuna sikio.

"Mara ya pili."

Raylene hakumwangalia Lindsay. Aligeuka akaangalia viti, uso mmoja baada ya mwingine, watu ambao vifundo vyao alivifunga, ambao damu yao aliifua kwa maji baridi. Mmoja baada ya mwingine wakakuta kitu sakafuni cha kutazama. Alhamisi ilikuwa siku nne mbele, na swali lile lile lilikuwa linamsubiri.

Wewe upo kiti cha tatu kutoka dirishani. Kadi unayo. Safari hii hakuna haradali ya kwenda kuitafuta, na mlango umezibwa na mtu mwenye mkono mmoja ambaye ameuinua. Lindsay anafungua mdomo kusema mara ya tatu. Weka chini kikombe. Inua mkono. Inua sasa hivi!