Mto, Mwambie Mzee

Kwao Rungwe, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, wala hataji jina lake. Ikupa alidhani mila hiyo ameiacha nyumbani, mpaka mzee mwenyewe alipokuja Sydney kuwatembelea kiangazi hicho. Tangu hapo, katika nyumba yao ndogo ya Seven Hills, mzee akikohoa sebuleni, Ikupa hukimbilia jikoni. Salamu zote hupitia kwa Lusekelo, mumewe.

Jumamosi hiyo walikwenda mto Nepean kuvua samaki aina ya besi, kila mtu na kayaki yake, Lusekelo akiwa katikati kama kiambaza. Kabla ya kuingia majini, Ikupa, aliyejibanza nyuma ya gari, aliona kamba ya kasia la mzee inaning'inia.

"Mwambie baba hajafunga kasia lake kwenye kayaki."

"Nitamwambia," alisema Lusekelo. Lakini walipoingia mtoni samaki walianza kudonoa chambo, na neno likamtoka kichwani.

Jua lilipokuwa utosini, Lusekelo alirudi ukingoni kuchukua maji ya kunywa. Ndipo besi mkubwa aliponasa kwenye ndoana ya mzee. Mzee akashika fimbo ya kuvulia kwa mikono miwili. Kasia likateleza mapajani, likaenda zake. Upepo nao ukaamka, ukaanza kumsukuma kuelekea kwenye maboya ya njano. Nyuma ya maboya kulikuwa na ukuta uliokatiza mto, maji yakimwagika upande wa pili kwa kishindo.

Ikupa alimwita mumewe. Upepo ukameza sauti. Hapakuwa na mwingine. Mzee akizama, yeye Ikupa atawaeleza nini watu wa kwao? Kwamba alikuwa na adabu?

Akapiga kasia. Mzee alipomwona anakuja, alishusha kofia yake ya pama mpaka kidevuni. Ikupa akampita, akamgeuzia mgongo, akatupa kamba ya kayaki yake nyuma bila kutazama. Haikufika. Akaivuta, akatupa tena.

"Ewe mto," alisema, "mwambie mzee ashike kamba, aifunge pale mbele."

Kamba ikatikisika, kisha sauti ikatoka chini ya kofia:

"Ewe mto, mwambie mama huyo nimeshafunga. Na avute upesi, kofia hii inanuka."

Ikupa alicheka huku machozi yakimlengalenga. Akavuta. Mabega yaliwaka moto, na kishindo cha maji kikapungua nyuma yao kidogo kidogo, mpaka kayaki zikakwaruza mchanga. Alishusha pumzi ndefu, akashuka, akaenda zake nyuma ya gari.

Lusekelo alikuja mbio, chupa zikimdondoka. "Baba! Kasia liko wapi?"

"Niulizwe mimi? Nilimsikia mkeo akikutuma asubuhi."

"Ulisikia? Mbona hukufunga?"

"Ningefungaje? Sikupaswa kumsikia. Nilikuwa nakungoja wewe, tarishi wetu!"

Lusekelo akajishika kichwa. Mzee bado alikuwa ameng'ang'ania fimbo yake, na mshipi ulikuwa unachezacheza. Akazungusha gurudumu la mshipi taratibu mpaka besi akatokeza, mnene, akipigapiga mkia.

"Mpelekee mkeo," alisema. "Mwambie leo amevuta wawili, mimi na huyu."

Lusekelo akageuka kupeleka ujumbe.

"Mwambie nimesikia," ilijibu sauti kutoka nyuma ya gari.