Shemeji Kwenye Eneo la Kuaminika

Zakia alipowasha kompyuta mchana ule, picha mbili kati ya tatu za ushahidi wake hazikuwepo. Ilibaki moja tu, ya mgongo wake uliochanwa kwa mkanda wa shemeji yake Rajabu. Kesi ilikuwa Jumatatu kule Lushoto, na bila picha yangebaki maneno ya mjane na maneno ya mwanamume.

Mwizi hakuwa wa kutafuta. Marehemu mumewe ndiye aliyevuta waya toka kwake mpaka nyumba ya pili, kwa mdogo wake Rajabu, wagawane intaneti. Siku ile ukuta wa ulinzi wa kompyuta, ile programu ya kuzuia wavamizi, uliuliza: waya huu uwekwe eneo gani, la kuaminika au la shaka? Zakia alicheka. Shemeji wa tumbo moja na mumeo umtilie shaka? Akamweka kwenye kuaminika, na milango yote ya mafaili ikawa wazi kwake. Mume alipozikwa, Rajabu akataka kumrithi Zakia awe mkewe. Zakia akakataa. Ndipo ukaja mkanda.

Sasa Zakia akauhamishia waya ule eneo la shaka. Akafunga milango ya mafaili, akaacha wa barua pepe peke yake. Alikuwa ndiyo kwanza ameipachika picha kwenye barua ya wakili wake wa Tanga, mlango wa nyumba ukapasuliwa kwa shoka.

"Umenifungia, we mwanamke?"

"Hata hodi, shemeji?"

Ngumi ikampasua mdomo, damu ikarukia kibodi. Rajabu akamkaba, makali ya shoka shingoni.

"Nirudishe nilipokuwa. Upesi!"

"Basi niachie koo, nione ninachofanya."

Akashika kipanya, akabonyeza pa kutuma. Kistari cha kijani kikaanza kutambaa kwenye kioo.

"Ndo nini hicho?"

"Ndo kufunguka kwenyewe. Laini yetu ya simu si unaijua? Subiri."

Rajabu akasubiri, akihema kama aliyepanda mlima mbio. Kistari kikajaa.

"Tayari?"

"Tayari, shemeji. Wakili ameshaipata."

Shoka likashuka. Mkono wa Zakia ukavunjika juu ya kiwiko, akaanguka chini ya meza akipiga yowe. Majirani walipoingia na majembe walimkuta Rajabu akiipasua kompyuta vipande vipande, akiitafuta humo picha iliyokwisha fika Tanga.