Kuta Hazikuoshwa

Kaka yangu Bahman alifika kutoka Tehran akiwa na glavu za mpira mfukoni, na hapo hapo nikajua kuna jambo.

Tangu Baba afariki, Bahman alikuwa mtu wa kufika siku yenyewe ya Nauruzi, mwaka wetu mpya. Nyumba inakuwa imeshang'aa, yeye anabana pistachio kwa meno, anasifu usafi, anaondoka. Kazi ya kuikung'uta nyumba ilikuwa yangu na Mama. Mazulia yote uani, mapazia yote kwenye sabuni, kila kabati linatapishwa, kila sahani inaoshwa hata ile ambayo haijatumika tangu mwaka jana, na mwisho kabisa, kuta. Hapa Kashan jangwa linatuletea vumbi mwaka mzima. Baridi ikikatika tunalirudishia lake.

"Umeugua?" nilimwuliza mlangoni.

"Salamu kwanza, Golrokh."

"Salamu. Umeugua? Mkeo kakufukuza?"

"Nimekuja kusaidia kukung'uta nyumba. Ni dhambi?"

Mama alipita kati yetu akamshika mashavu, akambusu. "Mwache aingie. Mtu kaja kufanya kazi, unamhoji kama polisi."

Nilimwacha aingie. Sikumwacha peke yake.

Nieleze kwa nini. Nyumba yetu ni ya zamani, ina ua, kidimbwi katikati na michungwa michungu miwili. Nyumba za aina hiyo katika kichochoro chetu watu hawazinunui tena kwa ajili ya kukaa. Wanazinunua kwa ajili ya udongo uliopo chini yake. Wanavunja, wanasimamisha maghorofa yenye vyumba ambavyo mrefu akinyoosha mkono anagusa dari. Baba alituachia nyumba sote watatu, kwa hiyo haiuzwi mpaka watatu tutie sahihi. Na mimi nilikuwa nimeapa sitii. Chumba cha chini, chenye dari la juu kama la msikiti, ndimo ulimo mtambo wangu wa kufumia mazulia. Nguzo zake Baba alizikaza mwenyewe. Wakati ule ulikuwa na zulia lililofika nusu, jekundu, na mnunuzi wake anasubiri. Nyumba ikienda, mtambo unaenda. Mtambo ukienda, mimi ninabaki binti wa makamo anayewamiminia wageni chai.

Kwa hiyo glavu zile sikuzipenda.

Siku ya kwanza Bahman alitundika mazulia ukutani uani akayapiga kwa fimbo mpaka njiwa wa jirani wakahama. Nilisimama nikimtazama. Jirani yetu Bi Eshrat, ambaye anaishi zaidi juu ya paa lake kuliko ndani, aliinama akaita:

"Golrokh wee! Yule kipara aliyekuja na kaka yako ndiye mposaji wako?"

"Kipara gani, Bi Eshrat?"

"Walisimama hapo kichochoroni wiki iliyopita, yeye na kaka yako. Wanaitazama nyumba yenu juu na chini kama watu wanaochagua kondoo. Kama ni posa, mwambie siku ya kuja avae kofia."

"Wiki iliyopita Bahman alikuwa Tehran."

"Basi Tehran imesogea," alisema Bi Eshrat, akarudi kwenye nguo zake.

Nilimgeukia Bahman. Alikuwa ameshika fimbo juu, hapigi.

"Bi Eshrat macho yamekwisha," alisema.

"Macho ya Bi Eshrat yanasoma saa ya msikitini kutoka pale alipo."

Alianza kupiga tena, haraka haraka, na vumbi likamficha.

Kuanzia hapo nilimfuata kama deni. Akienda jikoni, nina kiu. Akienda ghalani, ninatafuta ufagio. Siku iliyofuata nilipumbazwa na mapazia kidogo tu, nikashuka chumba cha chini, nikamkuta kapiga magoti mbele ya mtambo wangu na utepe wa kupimia.

"Unapima nini?"

Utepe uliruka ukarudi ndani ya kasha lake kwa kishindo. "Dirisha. Mama anataka pazia jipya."

"Dirisha liko nyuma yako."

Alicheka kile kicheko chake cha utotoni, cha mtu aliyekutwa na halua mdomoni. "Dada, wewe ungefaa kuwa forodhani."

"Na wewe ungefaa kukamatwa huko. Ukigusa hata uzi mmoja wa mtambo huu, Bahman, nakukata vidole kwa kisu cha kukatia vifundo vya zulia."

Aliutia utepe mfukoni akaondoka. Nilijiambia: anautafutia bei. Anapima apate kumwambia kipara mbao ni kiasi gani.

Lakini kitu kingine kilikuwa kinanisumbua, nacho hakikuwa cha Bahman. Tukikung'uta nyumba, kila kitu kinatoka, kinasafishwa, kinarudi mahali pake. Mwaka ule vitu vilitoka, vikasafishwa, vikaingia kwenye maboksi. Vikombe vya wageni Mama alivifunga kimoja kimoja kwa gazeti.

"Mama, wageni watanywa chai kwenye nini?"

"Nimebakisha vya kutosha."

Tena yule mtu wa mkokoteni, anayepita na kipaza sauti akinunua mikate mikavu na vyombo vikuukuu, mwaka mwingine wowote Mama husimama langoni asije akachukua hata kifuniko ambacho sufuria yake ilishakufa. Mwaka ule alimwita mwenyewe. Akampa birika la samawari linalovuja, viti vilivyokatika miguu, na karai kubwa la shaba la kuchemshia nyanya.

"Mama! Karai la bibi!"

"Limenichosha kulinyanyua."

Nilimtazama Bahman. Alikuwa anasaidia kupakia. Nikasema moyoni: kamroga mama yetu.

Mchana ule tulipokuwa tunakula, nilisema bila kuinua uso kwenye sahani, "Nataka ijulikane mapema. Sahihi yangu sitoi."

Bahman aliweka kijiko chini. "Nani kakuomba sahihi?"

"Bado. Unalainisha kwanza. Unapiga mazulia, unabeba maboksi, mtoto mwema. Halafu kipara anaingia na kalamu."

Alimtazama Mama. Niliuona ule mtazamo, lakini niliusoma vibaya. Nilidhani anaomba kutetewa.

"Kuleni," Mama alisema. "Wali unapoa."

Ilipofika siku ya kuta nilikoroga maji ya uvuguvugu na sabuni, nikapasua shuka kuukuu liwe vitambaa, nikaweka kigoda jikoni. Mama alikuja akasimama mlangoni.

"Acha kuta."

"Vipi niache?"

"Kuta si chafu."

Juu ya jiko palikuwa na moshi wa mwaka mzima, mweusi, umeshuka kama ndevu. Mama yangu, ambaye mwaka Baba alipovunjika mguu aliosha kuta za chumba kwa kukizunguka kitanda chake, huku Baba akilalamika kwamba anarushiwa maji, ananiambia kuta si chafu.

"Magoti yako yanauma? Nitaosha mimi, wewe kaa."

"Nimesema acha, Golrokh!"

Hakuwahi kunipigia kelele kwa sababu ya usafi. Kwa uchafu, ndiyo, kila wiki. Nilibaki na kitambaa kinachodondosha maji miguuni mwangu, na shaka yangu yote ikainuka pale ilipokuwa imekaa kwa Bahman, ikahamia kwa Mama, kama paka anayebadilisha paja la kulalia. Nani anaosha kuta za nyumba ambayo haitakuwepo?

Sikumwuliza. Ningeuliza, angenipa chai. Mama yangu akitaka kuficha jambo analifunika kwa chai, na ukimaliza kunywa umesahau ulichouliza. Nilingoja Alhamisi.

Alhamisi ya mwisho ya mwaka wafu wanarudi nyumbani kutazama. Ndiyo maana nyumba inakung'utwa, wasije wakaona aibu. Asubuhi tulikwenda makaburini, tukaosha kaburi la Baba kwa maji ya waridi, tukagawa tende. Tuliporudi Mama alikaanga halua, zafarani yake ikajaa nyumba nzima. Halafu, kama kila mwaka, alifungua lango, akakaa kwenye kibao cha jiwe pembeni mwa kizingiti, sahani mapajani, kumpokea mumewe. Huwa anataka awe peke yake. Kila mwaka nimemwachia.

Mwaka ule nilivua viatu nikasimama gizani kwenye ujia wa kuingilia, mgongo ukutani. Kuna mtu mmoja tu ambaye Mama hajawahi kumficha kitu, na ndiye aliyekuwa anakuja.

"Karibu, Manuchehr," alisema. "Halua hii. Sukari nimepunguza, usininunie."

Akaisogeza sahani mapajani.

"Sasa sikiliza, maana kusikiliza hukuwa hodari. Mwakani usije hapa. Ukija hapa utakuta shimo. Unaijua barabara ya bustani? Pita duka la mkate, lile ambalo ulikuwa unagombana nao mkate umeungua. Kata kulia, kichochoro chenye mtini. Lango la kijani. Sisi tuko chini, usipande juu, juu ni kwa wengine, utawatisha watoto wa watu. Choo kiko ndani. Sitatoka tena uani usiku wa barafu."

Nilisogeza sikio karibu na lango.

"Chumba cha nyuma ni cha Golrokh. Nyumba saba nimekwenda kuangalia na Bahman kwa sababu ya dari, mpaka yule dalali kipara akaniuliza kama nafuga twiga. Hii mtambo unaingia. Bahman amepima. Golrokh sijamwambia. Unamjua alivyo, nitamwambia mwaka ukishaingia salama."

Kisha sauti yake ikashuka.

"Na kuta unisamehe. Chafu, naziona. Lakini nikizigusa, Manuchehr, sitii sahihi. Najijua."

Nilitoka. Mama hakushtuka. Aliangalia miguu yangu isiyo na viatu.

"Umesikia kuanzia wapi?"

"Kuanzia sukari."

"Basi umesikia yote. Ningekwambia ungesema hapana."

"Ningesema hapana."

"Ndiyo hivyo."

"Usiku wa barafu gani, Mama?"

Alifunika halua kwa mkono kana kwamba kuna nzi. "Nilianguka karibu na kidimbwi. Nilikuita. Ulikuwa chini, unafuma, unagonga vifundo vyako. Nikatambaa mpaka ngazini. Asubuhi nikampigia Bahman simu."

"Na mimi ukaniambia umeteleza jikoni."

"Ningekwambia, ungeacha kufuma, ungekaa kunilinda. Nilikuzaa uje kunilinda?"

Bahman alikuwa ametokea uani, amesimama nyuma yangu, na glavu zake za mpira mikononi kama daktari wa uongo.

"Dada, nilimwambia akwambie," alisema. "Kila siku nilimwambia."

"Wewe nyamaza, mchunguza madirisha. Kesho mnanipeleka kwenye hilo lango la kijani. Fimbo ya kupimia nakata mwenyewe, urefu wa mtambo, na naishika mwenyewe. Kipara asiiguse. Wewe pia usiiguse."

"Sawa," alisema Mama.

"Na sasa tunaosha kuta."

Mama alinyanyua uso. "Si umesikia nilichosema? Nikizigusa..."

"Nimesikia. Ndiyo maana."

Alinielewa. Nilitaka nione. Kama ni magoti kweli, kama ni nyumba kweli, au kama Bahman na kipara wamemtia maneno kinywani. Kitambaa kikiwa mkononi mwake nitajua. Aliweka sahani ya halua juu ya kibao, lango akaliacha wazi kwa ajili ya mgeni wake, akaingia jikoni.

Bahman alibeba ndoo. Mama alianza karibu na mlango, pale ambapo Baba alituchorea vimo vyetu kwa penseli, akaosha kwa kuzunguka michoro kama anavyofanya siku zote. Alikwenda taratibu. Maji meusi yalimtiririka mpaka viwikoni. Sikuwa naangalia ukuta, nilikuwa naangalia mkono wake, na mkono haukusita. Uso ndio uliokuwa unamharibika. Mara mbili alisimama, akaegemeza paji la uso kwenye plasta, na nikasema moyoni, sasa hivi atageuka, atasema hatuuzi. Nilimngojea aseme. Bahman naye alikuwa anangoja, na maji ya ndoo yake yalipoa.

Alifika kwenye moshi wa juu ya jiko. Akakivuta kigoda. Kile kigoda amekipanda kila mwaka tangu kabla sijazaliwa.

Aliinua mguu wa kulia akaukanyagisha. Akashika ukingo wa jiko. Akajivuta. Goti lilikataa. Akashusha mguu, akapumua, akajaribu wa kushoto, na kutoka kooni mwake kikatoka kilio kidogo, kile cha mtu asiyetaka kusikika. Nilikijua. Nilijiuliza ni mara ngapi kilitoka uani nami niko chini nagonga vifundo.

Alishusha mguu. Akakitazama kigoda muda mrefu, kisha akaninyooshea kitambaa bila kunitazama.

"Pale juu," alisema, "usiache alama."

Nikapanda mimi.