Mgeni Juu ya Kochi

"Usifungue, mjinga wewe, usifungue!"

Aliyepiga yowe hilo ni mimi, mkamwana wa miezi minne, nimesimama wima juu ya kochi la mama mkwe, mtandio umenidondoka, kidole nimemnyooshea inspekta kwenye televisheni. Hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Ile miezi minne, jamani, nilikuwa nimechoka kuheshimiwa. Mama mkwe ni fundi cherehani, na wifi zangu aliwasema kutwa nzima. Mimi hakuwahi kunifokea. Nikishika ufagio, ananipokonya kwa tabasamu. "Acha, mgeni wetu, pumzika." Nikikaribia sinki, vyombo vimeshaoshwa. Chai yangu ililetwa na kisosi. Nilimlalamikia mume wangu kwamba mama yake hanipendi.

"Hajakuzoea tu," alinijibu, akageukia ukutani na kuanza kukoroma. Nililia kidogo, sifichi.

Basi jioni hiyo msimu mpya wa tamthilia ya upelelezi ulikuwa unaanza. Mwaka mzima nilikaa roho juu, maana msimu uliopita uliishia inspekta akitumbukia mtoni na gari lake. Sikumwambia mtu. Nilidhani mkamwana mwenye adabu hashabikii mauaji. Nikakaa pembeni, magoti pamoja, mikono mapajani. Mama mkwe alikuwa akipinda sketi ya mteja, miwani puani, kama vile hatazami.

Inspekta akatokea, amelowa chepechepe lakini mzima! Nikaimeza furaha yangu. Akafika kwake, akashika kitasa, na ndani, nyuma ya mlango, tukaona mkono wenye glavu umeshika bastola. Hapo ndipo nilipojikuta juu ya kochi.

Yakaingia matangazo. Mume wangu alitazama dari. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Shuka hapo!" mama mkwe akafoka. "We mtoto, unaniziba! Unataka kunivunjia kochi? Na huyo mwenye bastola ni yule daktari, nilisema tangu mwaka jana."

Tangu mwaka jana! Kumbe naye!

"Si daktari, mama," nikasema, bado nimesimama. "Ni mke wa inspekta."

"Mkewe? Una macho wewe?"

"Ninayo. Glavu imetuna kwenye kidole cha pete. Daktari hajaoa."

Akaiweka sketi chini. Tukabishana, yeye ananitikisia mkasi, mimi nampinga waziwazi, hadi mume wangu akatuomba tupunguze sauti. Matangazo yakaisha, mlango ukafunguliwa, risasi ikampita inspekta kando ya sikio. Mwenye bastola akavua kofia. Alikuwa mkewe.

Mama mkwe aliikunja ile sketi ya mteja polepole, akavua miwani, akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Haya, mjuaji," akasema, "vyombo viko jikoni vinakungoja. Na usiniachie mafuta kwenye sufuria."

Niliviosha vyote, mpaka sufuria iliyoungua, na sikuwa na haraka ya kumaliza.