Kumsitiri Félix

Jumapili ya matembezi ya majani, Xavérine alikaanga mandazi, akajaza chupa mbili za chai ya tangawizi, akateremka na wenzake kutoka stesheni ya Bredäng kuelekea ziwani. Bintiye Natacha alibeba vikombe. Kila mwaka, majani yakigeuka mekundu na ya dhahabu, Wakatoliki wa Stockholm wanaosali kwa Kiswahili, Warundi, Wakongo na Wakenya wachache, hutoka baada ya misa kwenda kufundishwa na miti.

Aliyewatafsiria miti alikuwa katekista wao, Mwalimu Térence. Sauti yake ingemtoa nyoka pangoni. Alisimama chini ya miti ya gome jeupe, akasema jani halilalamiki, linaachilia tawi, nasi tuachilie vinyongo. Akasema mti hauoni haya kubaki uchi mbele ya Muumba wake. Akasema jani hupendeza kuliko siku zote wakati linakufa, ndivyo wanavyokufa watakatifu. Watu wakaitikia amina. Xavérine naye aliitikia kwa moyo wote, kwa maana msitu ulikuwa mzuri kupita kiasi, na Térence alikuwa kama ndugu.

Alikuwa msimamizi wa ndoa yake. Siku za kukimbia Burundi, mumewe Félix alipopigwa risasi ya paja, Térence ndiye aliyebaki naye ili Xavérine atangulie na mtoto mgongoni. Alfajiri aliwafikia mtoni akiwa peke yake, akasema, "Pole, shemeji. Nimemsitiri." Kambini, wanawake wa Kigoma walimweleza Xavérine kwamba mtu aliyesitiriwa amezikwa, amelazwa kwa heshima, hakuachwa kwa mbwa. Akalishika neno hilo. Kwa neno hilo aliondoa matanga, akavua nguo nyeusi, na hapa Uswidi alimpikia Térence kila Noeli.

Sasa Térence alikuwa amefika kwenye lundo la majani lililokusanywa kando ya njia.

"Hata yaliyoanguka yana huruma," alisema, macho ameyafumba. "Yanasitiri udongo. Ndivyo nilivyomsitiri ndugu yangu Félix. Nilimlaza, nikamfunika majani ya migomba. Nilipogeuka kumtazama mara ya mwisho, yale majani yalikuwa yakipanda na kushuka, yakipanda na kushuka, polepole, kama yanasali."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Watu wakasema amina, kwa sababu sauti ilikuwa imeshuka pale ambapo husemwa amina.  Xavérine alikuwa amemuuguza mama yake mpaka mwisho, na alijua ni kitu gani huinua shuka namna ile.

Ndipo lundo lililokuwa miguuni pa Térence likapanda, likashuka. Likapanda tena. Mama mmoja aliyekuwa ameegemeza chupa ya chai hapo aliiondoa isimwagike. Mwingine alisema ni upepo, akaambiwa upepo hauendi hivyo, akakubali. Natacha akasema kwa Kiswidi kwamba lile lundo linapumua, kisha akaomba andazi jingine.

Xavérine alimngoja Térence kwenye ngazi za stesheni.

"Shemeji, alikuwa hai."

"Alikuwa anaguna, shemeji. Askari walikuwa ng'ambo ya shamba tu. Wangetusikia wote."

"Ulimwacha hai chini ya majani ya migomba."

"Nilimsitiri," alisema Térence, na kwa kweli alionekana kushangaa kwamba neno lile halitoshi tena. "Tuachilie, Mama Natacha. Leo tumefundishwa nini?"

Chuki iliingia kwa Xavérine kama mgeni mwenye adabu za Kiswidi. Ilivua viatu mlangoni, ikavipanga, ikakaa.

Tangu siku ile, kila lundo alilolipita Térence lilianza kupumua. Yalipumua malundo ya uani pa kanisa, yakapumua ya nje ya maduka ya Kista alikofanya kazi. Pale Vårby gård, alikoishi ghorofa ya chini, wafanyakazi wa usafi walizima mashine zao za kupuliza majani, wakaweka koni ya rangi ya machungwa kando ya lundo, wakaenda kunywa kahawa. Sauti ya pumzi hiyo ilikuwa ya mtu mwenye maumivu anayejitahidi asigune.

Xavérine alikwenda kwa Padre Anselmo. Alitaka jambo moja tu: Térence asimame mbele ya jumuiya aseme alichofanya, kwa maneno yake halisi, ili Félix naye apate kufa.

"Mama, jumuiya inataka kumchagua mwenyekiti," alisema Padre kwa upole. "Watu wanatoka hadi Uppsala kusikiliza tafakari zake. Wanasema viumbe vinasali pamoja naye. Huwezi kumsamehe tu?"

"Nimsamehe nini, Padre? Yeye hajakosa. Amesitiri."

Padre alinyunyizia maji ya baraka lundo la uani. Lilivuta pumzi ndefu kidogo, kisha likaendelea kama kawaida.

Basi Xavérine akafanya aliloliweza. Kila akitoka kazini alijaza majani kwenye mifuko mikubwa, akapanda nayo tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, na abiria wa Stockholm, kama ilivyo desturi yao, hawakumuuliza kitu. Alishuka Vårby gård akayamwaga chini ya dirisha la chumba cha Térence. Aliyapanga vizuri, kwa mikono miwili, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Natacha alimwambia, "Mamma, sluta nu," yaani inatosha sasa, lakini Jumamosi akaja kumsaidia kubeba.

Térence alikonda. Alibandika mpira kwenye kingo za dirisha, akahamishia kitanda jikoni. Hata hivyo tafakari zake zilizidi kuwa nzuri. Alifundisha kwamba pumzi ya majani ni Roho, na wenye simu wakamrekodi. Theluji ya kwanza ikaanguka juu ya malundo, nayo ikawa inapanda na kushuka pamoja nayo.

Katika misa ya kuwaombea marehemu wote, Xavérine aliomba zamu ya kusoma maombi ya waamini. Térence alikaa mbele, kando ya dirisha la uani, amevaa shati jeupe alilopigiwa pasi na Xavérine mwenyewe mwaka uliopita. Waliombewa papa, wakimbizi, wagonjwa. Kisha Xavérine akainua uso.

"Tumwombee Mwalimu wetu Térence. Ee Bwana, mjalie maisha marefu, marefu kutupita sisi sote. Umtunzie masikio yake, yasikie vizuri mpaka siku yake ya mwisho. Ee Bwana…"

"Twakuomba utusikie!" kanisa zima likajibu, kwa furaha, maana ilikuwa sala nzuri.

 Térence alikuwa amegeuza kichwa upande wa dirisha.

Baada ya misa walimchagua mwenyekiti bila mpinzani. Alishukuru, akasema atatumika mpaka Mungu atakapomwita. Padre akauliza ni nani anaafiki, na Xavérine naye alinyoosha mkono.