Kichala Kilichoachwa Mzabibuni

Kaka yangu Emeterio alinivunja jino kwa zabibu, na watu wakacheka. Hapa kwetu Valdecuervo, kando ya mto Duero, ndivyo inavyotakiwa. Mvunaji akiacha kichala kwenye mzabibu, wenzake humkamata, humlaza chini na kumpaka zabibu zilizopondwa mpaka uso mzima uwe mwekundu. Mchezo huo tunauita lagarejo. Sheria yake ni moja tu: aliyepakwa hakasiriki.

Ila mimi sikuacha kichala kimoja. Niliacha mstari mzima, tena kwa makusudi.

Shamba lile tuliachiwa na baba, mimi na Emeterio, nusu kwa nusu, na tangu azikwe hatujawahi kupatana juu yake. Mizabibu yake ni ya zamani, mifupi, minene, iliyojikunja, na zabibu inazozaa ni chache. Miaka ile serikali ilikuwa inawalipa watu waing'oe, na Emeterio alikuwa ameshatia sahihi. Kisha bwana mmoja wa Bilbao, Larrabeiti, akaonja divai yetu nyekundu nyumbani kwa rafiki yake, akapiga simu kwenye baa ya kijiji kuuliza mwenye mizabibu hiyo ni nani. Alisema anazunguka Uhispania nzima akitafuta divai za namna ile, lakini hanunui kitu mpaka asimame shambani auone mzabibu mkongwe kuliko yote kwa macho yake. Angekuja wakati wa mavuno, na akiridhika, angechukua divai yetu kila mwaka.

"Sawa," Emeterio aliniambia palepale baa, mbele ya kila mtu. "Mavuno yakiisha hajafika, naleta trekta. Na usije kunililia."

Siku ya mwisho ya mavuno ikafika, Larrabeiti haonekani. Asubuhi akapiga simu: yuko njiani, mchana atakuwa kwetu. Basi mstari wa juu, unaoanza na huo mzabibu mzee kuliko yote, ule tunaouita Bibi, nikauruka. Zabibu zikiwa bado ziko mtini, mavuno hayajaisha. Nilijiona mjanja kweli.

Emeterio alipanda mpaka juu, akasimama mbele ya Bibi.

"Nani kavuna huku?"

"Mimi," nikamjibu. "Sijamaliza."

"Hujamaliza, eh?" Akawageukia wavunaji. "Jamani! Casilda kaacha vichala! Lagarejo!"

Wavunaji wakatupa vikapu, wakaja mbio wanacheka. Mwanzoni ulikuwa mchezo kweli. Jirani yetu Obdulia alinipaka shavu moja akaniambia, "Leo utaolewa tena, mama, umependeza." Hata mimi nilicheka. Halafu Emeterio akawasukuma wote, akanikandamiza kifua kwa goti, akachukua kichala kizima na vikonyo vyake akakisokomeza mdomoni mwangu. Akakisaga kwa ngumi. Vikonyo vikanichana fizi, jino la mbele likakatika, nikameza damu na maji ya zabibu kwa pamoja.

"Cheka, dada! Mbona hucheki? Mimi nilicheka?"

Nilijua anasema nini. Baba yetu hakuwa mtu wa kupaka. Emeterio akiwa mdogo, akiacha kichala, baba alimfunga kwa Bibi na kumchapa kwa fito za mzabibu uleule mpaka zikatike mkononi, kisha akamlazimisha aseme asante. Mgongo wa kaka yangu una makovu mpaka leo. Kwa hiyo suala halikuwa pesa za serikali. Alitaka kuliua lile shamba, na mimi nilimwelewa vizuri sana, na bado pale chini ya goti lake nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Nikamng'ata kidole mpaka nikasikia mfupa. Vicheko vikakatika. Alinipiga kofi lililoniziba sikio, akajinasua, akateremka kuifuata trekta huku damu inamchuruzika, akaipandisha mpaka juu.

"Emeterio, subiri mchana tu!" Obdulia akamsihi. "Mgeni yuko njiani!"

"Mgeni atakuta shimo."

Akazungusha mnyororo kwenye shina la Bibi. Kila mtu wa huku anajua kwamba ukitaka kung'oa kisiki, mnyororo unaufunga chini ya trekta, chini kabisa. Emeterio ndiye aliyenifundisha mimi. Siku ile, kwa hasira zake na kidole kile, aliufunga juu, kwenye chuma kilicho nyuma ya kiti. Nikaona. Nikatema zabibu na damu, nikapiga kelele mpaka koo likaniuma.

"Chini! Funga chini, mjinga wewe! Itakupindukia!"

"Funga domo lako!"

Akadhani namchelewesha. Akakanyaga mafuta.

Bibi hakutikisika. Mizizi yake imezama kwenye mchanga mpaka mahali asipopajua mtu. Kilichonyanyuka ni pua ya trekta, ikapanda, ikapanda, kisha chuma chote kikaanguka kinyumenyume juu ya kaka yangu.

Tulimkuta kalala chali, paja limebanwa kati ya bati linalofunika gurudumu na shina la Bibi, mfupa umetoka nje ya suruali. Wanaume waliinua kwa mabega. Kila chuma kilipotikisika, alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mzima. Dizeli ilikuwa inadondokea injini ya moto, na moshi ulishaanza.

"Shina!" Obdulia akapiga kelele. "Shina ndilo linambana! Likateni!"

Shoka likaletwa. Hakuna aliyelishika. Wote walinitazama mimi, na huko chini barabarani vumbi la gari lilikuwa linapanda. Larrabeiti alikuwa anakuja.

"Casi," kaka yangu akasema. Alikuwa hajaniita hivyo tangu utotoni. "Usiniache nifie hapa. Si kwenye mti huu."

Nikalichukua shoka. Mti mzee ni mgumu, jamani. Nilipiga, shoka likaruka, nikapiga tena, na kila pigo lilitikisa paja lake naye akalia. Nililia na mimi. Nilimtukana yeye, nikamtukana baba huko kaburini, nikautukana na mzabibu uliokuwa unakataa kufa. Mikono ilinichubuka nisijue. Mwishowe shina likapasuka, likalala, wanaume wakamvuta kwa kwapa. Hatujafika mbali trekta ikalipuka moto, na Bibi akaungua pamoja nayo.

Wakamlaza kwenye majani, wakamfunga paja kwa mshipi. Kwenye aproni yangu kulikuwa kumenasa tawi la Bibi lenye kichala kimoja. Nikapiga magoti, nikakiponda kwenye ngumi, nikampaka usoni. Sikumpaka kwa upole. Nilimsugua mpaka vikonyo vikamchana midomo, na hakuna aliyethubutu kunishika.

"Umeacha kichala," nikamwambia.

Alilamba midomo. Machozi yalikuwa yanapita katikati ya wekundu ule.

"Sijakasirika," akasema.

Larrabeiti alitufikia na viatu vyake safi, anahema. Alitutazama mimi na yeye, nyuso zetu zote mbili, asiweze kujua ipi ni damu na ipi ni zabibu.

"Nilikuja kuuona ule mzabibu mkongwe," akasema taratibu. "Uko wapi?"

Emeterio akainua mkono wenye kidole kilichong'atwa, akaelekeza kwenye moto.

"Ule pale. Hii mingine ni ya dada yangu," akasema. "Zungumza naye."